Mpishi Aliyesindikiza Chakula Chake

Kwa miaka ishirini na miwili mwanamke huyu alisoma sahani chafu kama wengine wasomavyo magazeti. Mgahawa aliokuwa akipikia ulikuwa na dirisha dogo ukutani, kati ya jiko na ukumbi, na sahani zilizoliwa zilirudi kupitia pale pale zilipotokea. Wenzake walikwangua masalio wakazitumbukiza majini. Yeye alizitazama kwanza. Karoti zikirudi zimesukumwa pembeni, zimeumwa kidogo na kuachwa, alijua hazikuiva. Wali ukibaki na mchuzi umekombwa mpaka sahani inang'aa, alijua kesho aongeze upawa. Mara nyingine alichungulia ukumbini akamwona mlaji mmoja, baada ya tonge la kwanza, akifumba macho kidogo na kushusha mabega. Hapo mgongo uliokuwa ukimuuma tangu asubuhi ulitulia wenyewe.

Kisha mwenye mgahawa akafariki, watoto wake wakauza jengo, na aliyelinunua akataka duka la magodoro. Ndani ya wiki moja meza zilibebwa, viti vikabebwa, na lile dirisha likazibwa kwa matofali. Mpishi alivizungushia visu vyake aproni, akaaga, akarudi nyumbani. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Katika umri huo, alikuja kugundua, wenye migahawa humtazama mtu miguu kabla ya uso, wakipima kama bado ataweza kusimama kutwa.

Miezi minne alizunguka akiomba kazi. Aliyoipata ilikuwa kwenye ghala la zamani la matairi, nyuma ya gereji, mtaa ambao asingeujua kama asingeelekezwa. Ghala lilikuwa limegawanywa vyumba sita, kila kimoja na mlango wa chuma wa kuviringisha na namba iliyopakwa rangi. Hakukuwa na kibao, wala ukumbi, wala meza, wala mtu wa kukupokea. Nje kulikuwa na benchi la waendesha pikipiki, na jua likiwaka sana kuta bado zilinuka mpira.

Yeye alikuwa mlango wa nne. Ndani kulikuwa na majiko sita, vikaango viwili vya mafuta mengi, oveni moja, na meza ndefu ya bati ambapo chakula kilifungwa. Ukutani kulikuwa na skrini tatu, na kila skrini ilikuwa na jina la mgahawa wake: mmoja wa kuku, mmoja wa samaki, na wa tatu wa watu wanaoogopa mafuta. Wateja waliagiza kwa simu wakiamini ni migahawa mitatu katika mitaa mitatu. Aliyeuchoka wa kuku akahamia wa samaki alikuwa amehama jina tu. Mkono uliomtilia chumvi ulikuwa ule ule.

Siku ya kwanza dada aliyekuwa akifunga chakula alimwita Shangazi, kwa heshima tu, na jina likaganda. Kufikia mwisho wa wiki hata waendesha pikipiki wenye mvi walimwita Shangazi.

Nyumbani wifi yake ndiye aliyemsumbua.

"Wifi, nasikia unapika mgahawa usio na hata kiti," alisema mbele ya familia nzima. "Mgeni akija anakaa wapi?"

"Mgeni haji, wifi."

"Basi huo si mgahawa. Hiyo ni stoo yenye moto."

Watu walicheka mpaka mbavu zikauma. Shangazi alicheka nao, lakini neno lilimchoma, kwa sababu lilikuwa limegusa pale pale alipokuwa akiumia. Chakula kilitoka mlangoni mwake kizuri, kikaingia kwenye mfuko, na hakikurudi tena. Hakukuwa na sahani ya kusoma. Alikuwa kama mtu anayezungumza na simu iliyokatika.

Alijaribu kumuuliza Kimya. Huyu alikuwa mwendesha pikipiki wa makamo, baba wa watoto watano, na aliitwa Kimya kwa sababu hakuwahi kunyamaza.

"Yule mteja wa samaki alisemaje?"

"Alisema asante, Shangazi."

"Kwa sauti gani?"

Kimya alifikiri. "Sauti ya asante. Shangazi, mimi nikishampa mtu mfuko, ananifungia mlango usoni. Wengine hata uso siuoni, naona mkono tu. Ningeweza kukueleza habari za mikono ya mji huu mzima."

Majibu yalikuja kwa njia nyingine. Mwezi wake wa tatu kazini Meneja alimwita pembeni, karibu na friji. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, hajawahi kukaanga hata yai, ila hakuwa mtu mbaya. Alipokuwa na habari ngumu masikio yalimwiva kabla hajafungua mdomo. Siku hiyo yalikuwa mekundu.

"Shangazi, nyota zetu zinashuka," alisema. "Tulikuwa na nne, sasa ni tatu na kidogo. Zikishuka chini ya tatu, mtandao unatusukuma mwisho wa orodha, hakuna atakayetuona. Mwenye mali amenipa mwezi mmoja. Anasema nibadilishe mpishi au nifunge mlango."

"Wanasemaje hao wateja?"

Alimsomea kutoka kwenye simu yake. Mmoja aliandika kwamba kuku alikuwa amelegea kama kitambaa kilicholoa. Mwingine, kwamba mchuzi ulikuwa umeuogesha mfuko mzima na wali ukabaki mkavu. Wa tatu aliandika neno moja tu: Viazi? Ni kama alikuwa hana uhakika kwamba alichokula kilikuwa hicho.

Shangazi alisikiliza akiwa amekunja mikono kifuani. Kuku wake hakuwahi kulegea maishani mwake. Alienda kwenye kikaango, akachukua paja lililokuwa limetoka sasa hivi, akalivunja mbele ya Meneja. Ngozi ililia kama kijiti kikavu.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Lakini wao hawasikii hivyo."

Mpishi mwingine angewalaumu wateja, au angewalaumu waendesha pikipiki, na wapo wengi ghalani waliofanya hivyo kila siku bila kuchoka. Yeye aliuma mdomo wa chini, kama alivyofanya zamani mbele ya karoti zilizoachwa.

"Basi kuna kitu kinatokea njiani," alisema. "Nipe ruhusa nikakione."

Jumanne ilikuwa siku yake ya mapumziko. Alikuja hata hivyo. Alivaa aproni, akapika oda tatu za kwanza za mchana kwa mkono wake, akamwachia mpishi msaidizi jiko, akatoka nje na kumwambia Kimya ampe kofia ngumu.

"Ya nini?"

"Nakwenda na wewe. Huo mfuko nitaubeba mimi mgongoni."

Kimya alipigwa na butwaa, mara moja maishani akakosa la kusema. Waliokuwa kwenye benchi walipiga makofi. Shangazi alikuwa hajapanda pikipiki tangu aolewe, na wakati huo alikuwa na kilo ishirini pungufu. Alipanda kwa kushikilia bega la Kimya na kumtaja Mungu, wakaondoka.

Alichojifunza kwanza alijifunza kwa mgongo. Mfuko ulikuwa na joto kama mtoto mwenye homa. Kila tuta walilopita alisikia mchuzi ukihama upande mmoja kwenda mwingine, kisha ukirudi. Kwenye kona ulimwelemea begani. Alianza kuhesabu matuta na akaacha alipofika kumi na tisa.

Oda ya kwanza ilikuwa ya ofisini. Getini mlinzi aliwazuia. Chakula kiliachwa juu ya meza kando ya mifuko mingine, na mwenyewe akapigiwa simu ashuke. Alisema anakuja. Shangazi aliangalia saa ya mlinzi: zilipita dakika kumi na moja. Aliinama akatazama kisanduku kupitia mdomo wa mfuko. Kifuniko kilikuwa kimejaa matone kwa ndani, makubwa, na tone moja baada ya jingine lilikuwa likidondoka juu ya ngozi ya kuku aliyemhangaikia.

"Kumbe ananyeshewa," alisema kwa sauti ya chini.

"Nani?" aliuliza Kimya, akitazama mbingu, ambayo haikuwa na wingu.

Oda ya pili ilikuwa ghorofa ya tano na lifti ilikuwa imekufa. Walipanda ngazi, Shangazi alipumzika mara mbili na Kimya akamhadithia habari za ngazi nyingine mbaya kuliko hizo. Mlango ulifunguliwa kwa mguu. Alikuwa mama kijana, mtoto kiunoni, nywele hazijachanwa. Alipokea mfuko kwa mkono mmoja, na kabla mlango haujafungwa alikuwa ameshachomoa kiazi kimoja na kukitia mdomoni. Shangazi aliuona uso wake. Alitafuna, akasimama, akakiangalia kisanduku, kisha akachukua kingine akakila kama mtu anayemeza dawa kwa sababu lazima ameze. Mlango ukafungwa.

Hiyo ilikuwa sahani yake ya kwanza kurudi tangu dirisha lizibwe.

Oda ya tatu ilikuwa ya mzee aliyeishi peke yake kwenye nyumba ya chini yenye kiti kimoja barazani. Binti yake, aliyekuwa akifanya kazi mji wa mbali, ndiye aliyeagiza na kulipa kutoka huko, kila siku saa sita na nusu. Maelekezo kwenye simu yalisema: acha juu ya kiti, gonga, ondoka. Kimya aliweka, akagonga, akapiga picha ya kuonyesha amefikisha, akageuka. Shangazi hakugeuka.

Ilichukua muda mlango kufunguka. Mzee alikuwa mrefu, amevaa shati lililofungwa vifungo vyote, na mikono yake ilikuwa ikitetemeka bila kupumzika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Mimi ndiye niliyekipika hiki."

"Umekuja kudai?"

"Nimekuja kuona kama kinalika."

Mzee alimtazama, kisha akacheka, akamkaribisha ndani. Mezani, kando ya kopo la chumvi, kulikuwa na bisibisi. Shangazi aliuliza ni ya nini.

"Ndiyo ufunguo wangu," mzee alisema. "Hivi vifuniko vyenu vimebanwa kama jeneza. Nakitoboa katikati, halafu napanua."

Alimwonyesha. Ilikuwa kazi ya kutisha kuitazama, bisibisi ile katika vidole vile. Kifuniko kilipofunguka, mzee alichukua kijiko akala wali uliolowa mchuzi, taratibu, kwa heshima. Paja la kuku lilibaki zima. Hakuweza kulishika kwa uma na kisu, na meno aliyobaki nayo yalikuwa ya kuhesabika.

"Na kuku?"

"Kuku ni wa paka wa jirani. Ananipenda sana yule paka." Kisha akaweka kijiko chini. "Binti yangu anafurahi kunitumia kuku, mama. Kila siku ananiuliza kama nimekula, nasema nimekula, na kweli kimeliwa. Usije ukamwambia."

"Simwambii," alisema Shangazi. Aliosha mikono, akalichambua paja kwa vidole mbele yake, akatoa mfupa, akaacha vipande vidogo juu ya wali. Mzee alikula vyote. Nje Kimya alikuwa akipiga honi, oda nyingine zikimsubiri, lakini alipochungulia mlangoni akaona, alienda kukaa kwenye kile kiti na, kwa mara ya pili siku hiyo, akanyamaza.

Jioni Shangazi alimsimulia mume wake. Mume alikuwa fundi cherehani, alishona barazani kwa miaka mingi, mtu wa maneno machache na mizaha mikavu.

"Unakipimia chakula mezani," mumewe alisema, sindano mdomoni. "Mimi suruali siipimi mteja akiwa amesimama tu. Namwambia ainame, achuchumae, apande ngazi. Hapo ndipo naona itapasukia wapi."

"Kuku siwezi kumwambia achuchumae."

"Mpandishe pikipiki."

Alikuwa akifanya utani, ila mkewe hakucheka. Aliinuka akaenda kutafuta visanduku. Wiki ile meza yao ya kulia ilijaa visanduku vya kila aina na sindano kubwa ya kushonea turubai. Alitoboa vifuniko tundu mbili, tundu nne, tundu sita. Alikaanga viazi, akavifunga, akavisubiri nusu saa, akavionja, akaandika kwenye kalenda ya ukutani kwa sababu daftari hakuliona. Mumewe alikula viazi siku tano mfululizo na akasema sasa ameanza kuota mizizi.

Jumatatu alirudi kazini amefunga kibwebwe. Mchuzi utatiwa kikopo chake, hautamwagwa juu ya wali. Vya kukaanga vitakaa juu ya rafu ya waya dakika mbili vipumue kabla ya kufungwa, na vifuniko vyote vitatobolewa. Samaki atatoka ovenini kabla hajaiva kabisa, amalizikie kwenye joto lake mwenyewe barabarani. Kifuniko kitaachwa na ukingo uliokunjwa, ili hata mkono dhaifu upate pa kushika. Dada wa kufunga aliyasikiliza yote, akaitikia kwa kichwa, akaanza kukunja kingo.

Meneja alipoingia alikuta skrini zimegeuka nyekundu. Kila oda ilipewa dakika kumi na mbili; zikizidi, namba zilibadilika rangi na mtandao ukaandika kwamba mlango wa nne unachelewa.

"Shangazi, hizo dakika mbili za kupumua zinatuua," alisema, masikio yameshaiva. "Chakula kinakaa tu hapo juu ya waya, kinafanya nini?"

"Kinakauka jasho."

"Mtandao haujui jasho. Unajua dakika."

"Mtandao hauli, mwanangu."

Wote jikoni waliinamia kazi zao wakijitia hamnazo. Shangazi hakupandisha sauti. Alifungua visanduku viwili, akaweka kuku na viazi katika kila kimoja, kimoja kwa mtindo wa zamani, kingine kwa mtindo wake. Alivitia mfukoni, akamwita Kimya, akamwambia azunguke navyo dakika ishirini na tano na asikwepe tuta hata moja. Aliporudi, Shangazi alivuta ndoo mbili, akaipindua moja iwe kiti na nyingine iwe meza.

"Kaa, ule. Hujawahi kula hapa."

Ilikuwa kweli. Meneja alikuwa akiuza chakula hicho kwa mwaka mzima, na kila mchana alitoka akaenda kula kwingine. Alikaa juu ya ndoo na suruali yake nzuri. Alifungua kisanduku cha kwanza, akala kipande kimoja, akameza. Alifungua cha pili. Alikula kiazi, kisha kingine, kisha paja, mpaka ukabaki mfupa. Shangazi alikuwa amesimama akikausha mikono, macho yakiwa usoni pa kijana kama mtu anayesoma barua.

"Wiki mbili," Meneja alisema hatimaye. "Nitaongea na mwenye mali. Dakika nyekundu nitazibeba mimi."

Wiki ya kwanza ilikuwa mbaya. Nyota hazikupanda, zilishuka kidogo zaidi, kwa sababu ya ucheleweshaji. Mpishi wa mlango wa pili, mwanamume mnene mwenye sauti ya tarumbeta aliyepika supu, alipita akaangalia rafu ya waya na kuuliza kama kuku wanaanikwa kama nguo. Siku ya Alhamisi mvua ilinyesha, na Shangazi akapata aibu yake mwenyewe: alikuwa ametoboa vifuniko vya kila kitu, hata wali, hata samaki, na baridi iliingia kwenye matundu. Wateja tisa walilalamika kwamba chakula kimepoa. Hakutafuta kisingizio. Alisimama mbele ya wenzake akasema, "Hilo ni langu, nilitoboa bila kufikiri." Kuanzia siku hiyo vya kukaanga tu ndivyo vilivyotobolewa. Kwa dakika mbili zilizopotea, yeye na dada wa kufunga walibadilisha mpangilio wa meza, vikopo vya mchuzi vikajazwa mapema, na moja ya zile dakika ikarudi.

Akaanzisha jambo jingine, ambalo ghala zima lililisema. Chakula cha mchana cha wafanyakazi hakikuliwa tena kutoka sufuriani. Kilifungwa kwenye visanduku kama cha mteja, Kimya akakipakia, akazunguka nacho mitaa mitatu, akakirudisha, ndipo kikaliwa. Waendesha pikipiki kwenye benchi walivunjika mbavu kumwona mwenzao akipita mara ya tatu mbele ya gereji, akipeleka chakula kwa waliokipika. Lakini mezani kwa mlango wa nne watu walianza kujua wanachouza. Mpishi msaidizi ndiye aliyegundua kwamba matango huloweka mkate yakikaa chini yake, akayahamishia juu. Siku hizo Shangazi aliwasikiliza wenzake zaidi ya alivyowaambia.

Kuhusu mzee wa barazani, hakumsahau. Kila siku saa sita alichukua paja zima, akalitoa mfupa, akalikatakata, akalichanganya na wali na mchuzi, na kifuniko chake akakiweka bila kukibana, amekizungushia karatasi tu. Baada ya siku kama kumi simu ya jikoni ililia. Alikuwa binti wa mzee, na alikuwa amekasirika.

"Nalipia paja zima," alisema. "Baba ananiambia siku hizi kuku anakuja vipande. Mnampa masalio kwa sababu ni mzee na yuko peke yake?"

Shangazi alifumba macho. Ingekuwa rahisi kusema ukweli wote na kujisafisha. Dada wa kufunga, aliyekuwa akijua habari nzima, alimtazama kwa jicho la pembeni kuona atafanya nini.

"Ni paja zima, mama," alisema. "Nalitoa mfupa mwenyewe kila siku. Hakuna anayegusa chake."

"Na kwa nini umkatie? Nani amekuomba?"

"Hilo muulize baba yako. Muulize habari za paka wa jirani. Muulize kwa upole, ukiwa na nafasi."

Kisha simu ikakatwa, na Shangazi akarudi kwenye kikaango akiwa hana uhakika kama amefanya vizuri au ameharibu. Kesho yake oda ya mzee haikuja. Wala siku iliyofuata. Siku ya tatu, kabla kidogo ya saa sita na nusu, skrini ililia, na chini ya oda, kwenye nafasi ya maelekezo ambapo watu huandika usiweke kitunguu au usigonge mlango, palikuwa na maneno haya: Nilikuwa kwa baba siku mbili. Ameniambia habari za paka. Mkatie vidogo kama ulivyokuwa ukimkatia. Mungu akubariki.

Shangazi alisoma mara mbili. Alimwomba dada wa kufunga amsomee tena kwa sauti, akisema miwani yake ina ukungu.

Mwezi ulipokwisha nyota za mgahawa wa kuku zilikuwa nne na zaidi kidogo. Za samaki zilichelewa, lakini nazo zilifuata. Mwenye mali alikuja mwenyewe, mara ya kwanza watu wengi kumwona. Alikula juu ya ndoo, akauliza maswali ya busara, akampa Shangazi pendekezo: avue aproni, awe mkaguzi wa majiko yake yote mjini, awe na kiti na meza yake. Wifi yake aliposikia habari hizo alisema hatimaye kimepatikana kiti. Shangazi alikataa kiti na akakubali ukaguzi, siku mbili kwa wiki, kwa sharti kwamba siku nyingine abaki jikoni, na kwamba Kimya alipwe kwa mizunguko ya mchana kama kazi nyingine yoyote. Meneja ndiye aliyelisimamia sharti hilo la pili mpaka likaandikwa.

Mambo hayakuwa mazuri kwa ghala zima. Mlango wa kwanza ulifungwa, na wa sita ukafuata. Asubuhi moja mpishi wa mlango wa pili, yule mwenye sauti ya tarumbeta, alikuja akasimama mlangoni kwa Shangazi, kofia mkononi, na sauti haikuwepo.

"Shangazi, supu yangu," alisema. "Wanasema inafika na utando juu, na tambi zimevimba. Hapa jikoni ni nzuri, naapa."

"Najua ni nzuri. Nimeshaionja," alisema Shangazi. "Mteja wako wa mwisho jana alikuwa nani?"

Mwanamume yule alifikiri. "Sijui. Namba tu."

"Haya. Lete bakuli mbili, tambi ziweke mbali na mchuzi, na umwambie msaidizi wako akushikie jiko."

Saa sita kasoro robo pikipiki mbili ziliondoka uani zikifuatana. Shangazi alikuwa nyuma ya Kimya, aliyekuwa ameshaanza hadithi. Mpishi wa supu alikuwa nyuma ya mwendesha pikipiki mwingine, mfuko mgongoni, magoti yamechomoza huku na huku. Walipofika kwenye tuta la kwanza, mbele ya gereji, alisikika akiguna, na Shangazi akageuza kichwa kumtazama.

"Umeisikia?" alimuuliza.

"Nimeisikia," alisema yule mwanamume. "Imepanda mpaka shingoni."

"Bado kumi na nane," alisema Shangazi, na wakaendelea.